Kitako Kipya cha Sufuria Kuukuu

Jumamosi iliyopita nilishuka Kamukunji, soko la mafundi wa bati hapa Nairobi, na sufuria kwapani, nimeizungushia gazeti la wiki jana. Ni sufuria ya mama, ile kubwa ya pilau ya Krismasi na githeri ya siku za kawaida, na kitako chake kilikuwa kimelika hadi ukikielekeza juani unaona vitundu vitatu kama matobo ya sindano. Binti yangu alinifuata shingo upande. Ana miaka kumi na sita, na kwa maoni yake hakuna aibu inayozidi kupanda matatu na baba aliyebeba sufuria mbovu. Kabla hatujavuka kituo cha mabasi cha Machakos aliniuliza, "Baba, kwani mpya ni pesa ngapi?"

Sikumjibu. Ukishaingia Kamukunji huzungumzi hata ukitaka. Nyundo zinapiga bati kila upande, kila moja na mdundo wake, na sauti ya mtu inamezwa. Fundi tuliyempata alikuwa kijana aliyeketi nyuma ya kipande cha reli alichokigeuza fuawe. Aliipokea sufuria, akaigonga kwa ukucha, akasikiliza. "Hii ni ya zamani, mzee. Usikubali mtu akwambie uitupe. Za siku hizi ni nyembamba kama karatasi." Akachukua mkasi wa bati, akakikata kitako chote akakitupia rundo la vyuma chakavu, ambavyo navyo huuzwa kwa kilo. Akachora duara juu ya bati jipya la alumini, akalikata, kisha akaanza kuikunja midomo kidogo kidogo huku akiizungusha sufuria juu ya reli, hadi kitako na ubavu vikaumana. Hakutumia gundi wala lehemu. Alimimina maji ya chupa ndani, akainyanyua juu ya kichwa chake mwenyewe, akangoja. Halikudondoka hata tone. Dakika ishirini, shilingi 300.

Sufuria mpya ya ukubwa ule, tena nyembamba, ingenigharimu mara nne ya hapo. Hesabu hiyo ingetosha kumjibu msichana. Lakini swali lake lilikuwa na mzizi mrefu zaidi: kwa nini ukoo wetu ndio unaotengeneza vitu wakati majirani wananunua?

Natoka katika ukoo wa watu wanaojibana, na ninajivunia. Nalitamka waziwazi kwa kuwa katika Nairobi ya leo mtu hujisifu kwa alichonunua, na anayejisifu kwa asichonunua huonekana anaficha ufukara. Ila kadiri umri unavyosogea ndivyo ninavyoona kwamba sisi wenyewe tumekuwa tukijivunia kisichostahili. Tukikutana kwenye harusi tunasimuliana tulivyokwenda shule pekupeku na tulivyokula sukuma wiki siku tano mfululizo, kana kwamba kunyimwa ndiko kulikotulea. Waliotulea walikuwa watu wenye ujuzi fulani, na waliuweza ujuzi huo kwa sababu ya watu wengine waliowazunguka. Tusipolitenganisha hilo na njaa, tutawarithisha watoto wetu njaa na kuusahau ujuzi.

Nimelelewa Jericho, mtaa uliojengwa na baraza la jiji mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vyumba viwili, watoto watano. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapishaji kule Industrial Area. Mama alishona nguo nyumbani. Sheria za nyumba hazikubandikwa ukutani ila kila mtu alizijua. Mche wa sabuni haukutumika siku ulionunuliwa. Mama aliukata vipande kwa uzi wa cherehani, akavipanga juu ya kabati viachane kidogo, vikakaa wiki mbili vikikauka, kwa sababu sabuni mbichi huyeyuka majini kabla nguo haijatakata. Maji yaliyofua nguo ndiyo yaliyopiga deki, na yaliyopiga deki ndiyo yaliyoteremka chooni. Kola ya shati la baba ilipochakaa, mama aliifumua akaigeuza, upande wa ndani ukawa nje, shati likaishi mwaka mwingine. Sare ya shule ilishonwa kubwa na pindo likakunjwa mara tatu. Kila Januari pindo moja likateremshwa. Ungeweza kumhesabia dada yangu madarasa kwa kutazama mistari iliyobaki kwenye sketi yake.

Kopo la Blue Band kwetu halikuwahi kukutwa na Blue Band. Hilo nadhani ni la taifa zima, sitalidai ni la ukoo wetu.

Na kulikuwa na daftari. Kurasa 96, jalada limeshonwa upya kwa mkono, penseli imefungwa kwa uzi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mama alikuwa na daftari hata pale mali yenyewe ilipokosekana. Ninalo moja la mwaka 1993, alinipa nilipooa. Ukilifungua Februari unakuta "sukari kilo 2". Juni ni "sukari kilo 1". Kufikia Septemba imekuwa "sukari robo", siku tatu baadaye "sukari robo", wiki inayofuata "sukari robo", na pembeni ya ile ya tatu ameandika kwa herufi ndogo: "ya mgeni".

Mwaka ule mfumuko wa bei Kenya ulifika karibu asilimia 46. Uchaguzi wa vyama vingi wa 1992 ulikuwa umepita, na kampeni ilikuwa imemwaga pesa hadi noti ya shilingi 500 ikaitwa Jirongo, jina la aliyeongoza vijana wa KANU, chama tawala cha wakati huo, waliokuwa wakizigawa. Na chini kwa chini Goldenberg ilikuwa ikifyonza hazina ya serikali kwa kulipia dhahabu na almasi ambazo hazikuuzwa nje kokote. Hayo tulikuja kuyasoma magazetini miaka mingi baadaye. Mama aliyaona yakipita mbele yake akiwa dukani, kwenye kipimo cha sukari, na akayaandika bila kujua majina yake.

Nimelitazama hilo neno "ya mgeni" mara nyingi. Kiswahili kina matusi tele ya mtu asiyetoa: bahili, mchoyo, na lile ninalolipenda zaidi, mkono wa birika, uliokunjwa kiunoni daima usionyooka. Kwa anayetumia kwa kiasi na kuweka akiba tunalo neno mwekevu, lakini ni lini umelisikia kwenye matatu? Matusi tunayo mengi, sifa tunayo moja na imelala kwenye kamusi. Ndiyo maana mtoto akiona mzazi anabana shilingi hudhani anaona ubahili. Tofauti iko kwenye daftari. Bahili hujibania ili abaki nazo. Kwa mama, michango ya matanga haikukosa hata mwezi mmoja, karo ya mpwa wake imeandikwa, na chai ya mgeni ilipikwa kwa maziwa hata wiki ambayo sisi tulikunywa ya rangi. Robo ya sukari ilibanwa upande huu ili mkono unyooke upande ule.

Sasa, ujuzi wenyewe. Watu wengi wanaotoa nasaha za kuweka akiba siku hizi, hasa mitandaoni, wanauchukulia kama nidhamu ya mtu mmoja na simu yake: punguza hiki, acha kile, weka asilimia fulani. Kwetu haukuwa hivyo hata kidogo. Tazama maharagwe. Kuyachemsha nyumbani kwa mkaa au gesi, kuanzia makavu hadi yalainike, ni gharama kubwa kwa nyumba moja. Ndiyo maana kila mtaa wa Eastlands una mama mwenye sufuria mbili kubwa barabarani, moja ya maharagwe na moja ya githeri, anachemsha ya watu hamsini kwa moto mmoja, na jioni unakwenda na bakuli anakupimia. Ukifika nyumbani unakaanga tu. Hakuna mpango wa akiba wa simu utakaokufundisha hilo, na wala huwezi kulifanya peke yako. Linahitaji moto wa jirani.

Au chukua Gikomba. Robota la mitumba likifunguliwa alfajiri, wanaowahi huondoka na kamera, zile nguo za daraja la kwanza. Jua likipanda bei huteremka, na kinachobaki jioni ni fagia. Mama hakuwa na pesa za kamera wala subira ya fagia. Alikuwa na mwanamke mmoja pale aliyejua urefu wetu sote watano, na akiona suruali ya kumfaa mmoja wetu huiweka chini ya meza hadi Ijumaa. Mama naye alimshonea watoto wake bila malipo. Machi 2020, serikali ilipozuia mitumba kuingia nchini kwa sababu ya korona, na kuiachia Agosti, wachumi walipiga hesabu za ushuru na ajira. Sikuona aliyepiga hesabu ya nguo zilizowekwa chini ya meza.

Hata huyo kijana wa sufuria ana historia yake. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya, na ripoti hiyo ndiyo iliyowafanya wataalamu ulimwenguni waanze kuzungumza juu ya sekta isiyo rasmi. Sisi tulishaiona wazi na tukaiita jua kali, kwa kuwa wanafanya kazi juani. Mapema miaka ya 1980 ni mafundi wa aina hiyo, Shauri Moyo na Kamukunji, walioanza kufyatua jiko tunalolijua wote, bati nje na udongo wa kuchoma ndani, kiuno chembamba kama cha ngoma. Wazo la awali lilitoka Thailand. Mikono iliyolifaa mkaa wetu na sufuria zetu ilikuwa ya hapa. Jiko hilo lilipunguza mkaa kwa theluthi na zaidi. Mama alinunua lake la kwanza kwa pesa za chama, kile kikundi cha wanawake cha kuchangiana, zamu yake ilipofika, na imeandikwa: "jiko, zamu yangu".

Chama chenyewe sitakieleza sana, kila msomaji ana chake au anakidai. Ila niseme hivi: akiba ya mama haikukaa kwa mama. Ilikaa kwa wanawake kumi na wawili ambao wangemjia mlangoni kama angechelewesha.

Profesa Wangari Maathai alikwenda Japani mwanzoni mwa 2005, miezi michache baada ya kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, akakutana na neno *mottainai*, yale majuto mtu anayoyapata kitu kinapoharibiwa bure. Alilipenda akalibeba hadi kwenye mikutano ya Umoja wa Mataifa. Nilipolisoma gazetini nilimtafsiria mama, akasema tu, "Kwani wao walikuwa wakitupa?" Lakini Maathai alikuwa na haki ya kulibeba neno hilo kuliko wengi. Ni yeye aliyesimama mwaka 1989 kupinga jumba la ghorofa 60 ambalo chama tawala kilitaka kulisimika katikati ya bustani ya Uhuru, kwa mkopo wa kulipwa na watu waliokuwa wakinunua sukari kwa robo. Alitukanwa bungeni. Wafadhili wakajitoa, jumba halikujengwa, na hadi leo familia zinakwenda pale Jumapili.

Namtaja kwa sababu sifa ya kujibana ina hatari yake, na hatari hiyo huanzia juu. Kila mfuko wa serikali unapotoboka, anatokea kiongozi kwenye runinga, saa ya mkononi ikimetameta kuliko taa za studio, anatuomba tufunge mkaja. Julai 2023 kodi ya VAT kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16; Septemba mwaka huohuo lita ya petroli Nairobi ikapita shilingi 200. Nauli ikapanda, na kila kinachobebwa na lori kikapanda nayo. Mwenye kujibana tangu babu yake anafunga mkaja wapi tena? Vijana walioingia barabarani Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha walikuwa, wengi wao, wajukuu wa madaftari kama lile la mama. Walijua kusoma hesabu. Walipouona mswada unaotaka kuutoza mkate kodi, waliusoma kama mama anavyosoma risiti ya muuza nyama.

Kuna mfano mwingine nisioweza kuusahau. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kweli: wafanyabiashara walikuwa wakiyachanganya na dizeli kwa sababu yalikuwa rahisi, magari yakiharibika na kodi ikipotea. Lakini mafuta ya taa ndiyo nishati pekee uliyoweza kuinunua kwa chupa ya soda, ya kupikia chai ya leo na ya kesho tu. Mwizi alikuwa mwenye lori. Aliyelipa faini ni mwenye stovu ya utambi.

Hapo ndipo ninapokorofishana na watu wa upande wangu, wanaosema maskini angeondokana na umaskini kama angejua kubana matumizi. Uwekevu una kiingilio. Ili ununue unga wa mwezi lazima uwe na pesa za mwezi, na mahali pakavu pasipo panya. Mwenye kibarua cha kutwa hununua mafuta ya kupikia kwa kipimo kidogo, sukari iliyofungwa kwenye karatasi, sabuni ya kipande, na ukijumlisha mwisho wa mwezi amelipa zaidi kwa kila kilo kuliko mwenye gari aliyejaza toroli kwenye supamaketi. Maji vilevile. Mwaka 2015 kampuni ya maji ya jiji iliweka mashine za kuuzia maji Mathare, mtungi wa lita 20 kwa senti 50, na watu wakashangaa kujua kwamba maji yangeweza kuuzwa hivyo, kwa kuwa siku za uhaba mchuuzi alikuwa akiwatoza mara nyingi ya hapo. Hao hawakukosa ujuzi wa kubana. Walikuwa wanabana na wanabanwa.

Sisi wa Jericho tulikuwa maskini wa daraja la juu, nakiri. Kodi ya nyumba ya baraza ilikuwa ndogo, mfereji ulikuwa uani, na mshahara wa baba ulifika tarehe ileile kila mwezi. Juu ya msingi huo mtu anaweza kukausha sabuni wiki mbili. Anayehamishwa kila miezi sita kwa sababu mwenye ploti amepandisha kodi ataikaushia wapi?

Kakangu mdogo hataki kusikia lolote katika haya. Yeye anakumbuka viatu. Viatu vyake vya darasa la sita vilikuwa vyangu, na kabla ya hapo vilikuwa vya kaka yetu mkubwa, na fundi wa soko la Burma alikuwa amevitia soli ya tairi. Vilikuwa imara ajabu. Vilikuwa pia vikubwa, na akitembea vilitoa sauti, na watoto walimwita Posta, kwa kuwa mtu alisikika akija kama mleta barua. Leo ana kazi nzuri, na kila mtoto wake ana jozi nne za raba. Tulipokuwa tukibishana mwaka jana aliniambia, "Wewe ulivivaa vikiwa vyako. Mimi nilivivaa vikiwa historia." Sina jibu la hilo. Najua tu kwamba mama aliandika kwenye daftari: "soli, viatu vya mdogo", na kwamba siku hiyo hakuna kilichoandikwa mbele ya jina lake mwenyewe. Nimelipekua daftari zima la 1993. Mbele ya jina lake kuna kitu kimoja tu mwaka mzima, "kitambaa cha kichwa", mwezi Desemba.

Na hilo ni jingine ambalo sisi wanaume wa ukoo huu tunalirukia tukisimulia. Baba ndiye aliyesifiwa kanisani kuwa mtu wa kiasi. Baba, Mungu amlaze pema, hakuwahi kukata mche wa sabuni. Kujibana ni kazi, ina saa zake: kwenda soko la Marikiti alfajiri kwa sababu nyanya ni rahisi kabla jua halijapanda, kufumua sweta na kulisuka upya, kuchagua mawe kwenye mchele wa bei ya chini. Nani alikuwa na saa hizo? Mwanamke yuleyule aliyekuwa pia akishona nguo za watu hadi usiku. Tukiwaambia binti zetu waurithi uwekevu wa nyanya yao bila kumwambia mvulana ashike sindano, tunawarithisha mzigo.

Mimi mwenyewe, mwana wa mwenye daftari, sikuchukua muda kuusaliti urithi huu. Mikopo ya simu ilipoingia, M-Shwari mwishoni mwa 2012, kisha utitiri wa programu nyingine, kisha Fuliza mwaka 2019, niliona ni mambo mepesi. Shilingi mia tano leo, elfu moja kesho, kila moja na ada yake ndogo. Mwaka mmoja nilijikuta nakopa programu moja kulipa nyingine, zote zikiwa za kugharamia mchango wa harusi ya rafiki niliyetaka anione mkubwa. Nilipochelewa siku nne, programu mojawapo, ambayo haina haja ya kutajwa, ilimpigia simu bosi wangu na kumpa habari zangu. Sheria ya kuwaweka wakopeshaji hao chini ya Benki Kuu ilipitishwa mwaka 2021, nami nikafurahi kama mtu anayeletewa mwavuli akiwa amesharowa. Lakini lililoniuma zaidi ni kwamba sikuweza kusema nilikuwa nimetumia kiasi gani. Ujumbe ulikuwa kwenye simu, mia kadhaa, na sikuwa nimeandika popote. Bandu bandu huisha gogo, na mimi sikujua hata kama kulikuwa na gogo.

Siku hizo mama alinishauri nirudi kwenye ushirika. Nilimsikiliza, na sijuti, ingawa mwaka 2025 ukaguzi wa muungano wa vyama vya akiba na mikopo, KUSCCO, ulipofichuliwa na kuonyesha shilingi bilioni 13.3 hazijulikani zilikokwenda, nilimwonea haya. Vyama vidogo vidogo vilikuwa vimeweka pesa huko. Mtu anaweza kukausha sabuni, kugeuza kola, kula sukuma, akafanya yote sawasawa, kisha akaibiwa na mtu wa tai. Mama alisoma habari hiyo kimya, akavua miwani, akasema, "Hao hawakuwa na mtu wa kuwajia mlangoni."

Narudi kwenye sufuria. Tulipanda matatu ya Jogoo Road, binti yangu akaishika yeye safari hii, bila gazeti. Nilimwona akipitisha kidole kwenye ukingo mahali kitako kipya kinapoumana na ubavu wa zamani, rangi mbili tofauti, moja ya fedha inayong'aa na nyingine nyeusi ya miaka thelathini ya moto. Aliniuliza yule fundi alijuaje ukubwa wa duara bila kupima. Nikamwambia sijui, angemuuliza. Akasema angemuuliza, ila kelele ilikuwa nyingi.

Mama alituona tangu mbali, ameketi mlangoni. Aliipokea sufuria, akaijaza maji kwenye mfereji, akaiweka juu ya kigoda chake cha kushonea, akazunguka akikagua chini kama askari wa trafiki. Haikuvuja. Akaigonga kwa ukucha, vilevile kama yule kijana, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Amekutoza ngapi?"

"Mia tatu, mama."

Akanitazama, kisha akamtazama mjukuu wake, kama mtu anayetafuta shahidi. "Mia tatu! Kwa kitako?" Akaingia ndani. Tulisikia droo ikifunguka. Alirudi na daftari jipya, na miwani, na koti lake la kutokea.

"Nyanya, unakwenda wapi?" binti yangu akamuuliza.

"Wewe ndiye uliyeuona mlango wake," mama akasema, akijifunga kitambaa cha kichwa. "Twende unionyeshe. Ile mia moja ya ziada anairudisha leo."